Sura ya Sita: Ufunguo wa Ubao

Kabla kompyuta hazijajaa maofisini, swali la nani ana haki ya kutangaza nini kazini lilijibiwa kwa kufuli. Katika viwanda vingi vya Thika, karibu na geti ambapo wafanyakazi hupita wakiingia zamu, palikuwa na ubao wa matangazo wenye mlango wa kioo. Ufunguo ulikaa katika ofisi ya wafanyakazi. Aliyetaka tangazo libandikwe alilipeleka huko likiwa limepigwa taipu. Likasomwa, likatiwa sahihi na mhuri, ndipo karani akatoka na ufunguo. Orodha ya zamu, siku ya mshahara, mabadiliko ya saa za kazi, tanzia: yote yalipitia mkononi mwa mtu aliyejulikana kwa jina na kwa cheo. Karatasi isiyo na mhuri ilibanduliwa, na hata kabla haijabanduliwa wafanyakazi walikwisha kuitilia shaka.

Ubao ule ulikuwa na kasoro zake. Ulimfikia aliyepita mbele yake tu, haukumruhusu mfanyakazi kujibu, na asiyesoma Kiingereza alimtegemea mwenzake amfasirie. Lakini ulijibu maswali matatu ambayo sehemu nyingi za kazi leo haziwezi kuyajibu upesi: nani aliandika, nani aliruhusu, na nani wa kuendewa iwapo lililoandikwa si kweli. Tulipohamia kwenye tovuti za ndani za wafanyakazi, zile ambazo wengine huziita potali au intraneti, tulihamisha matangazo tukauacha ufunguo nyuma.

Thika ni mji wa zamu. Reli ilifika 1913, mito ya Chania na Thika ikatoa maji, viwanda vikafuata, hadi mji ukapewa jina la Birmingham ya Kenya. Hapa pana Bidco na mafuta yake ya kupikia, Del Monte na mananasi yake, Thika Cloth Mills na nguo zake, na Kenya Vehicle Manufacturers inayounganisha magari tangu miaka ya 1970. Ukirudi upande wa Nairobi kama kilomita 20 unaingia Ruiru: maziwa ya Brookside, chuma cha Devki, chuo cha mafunzo cha askari magereza, taasisi ya utafiti wa kahawa, na mji mpya wa Tatu City. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, iliigeuza miji hii miwili kuwa kama mtaa mmoja mrefu. Mtu analala Ruiru na kufanya kazi Thika. Mwingine kinyume chake. Kampuni ina mitambo mji huu na ghala mji ule, na madereva wake wako njiani kati ya huko na Mombasa.

Kwa watu waliotawanyika namna hiyo, ubao wa getini haukutosha tena. Mfanyakazi anataka kujua zamu yake ya kesho akiwa ndani ya matatu, akisoma kwenye simu. Ndiyo sababu tovuti ya ndani si anasa ya kampuni kubwa. Ni huduma ya lazima, na ninaitetea bila kusita. Kinachonisumbua ni jinsi inavyoanzishwa.

Kwa kawaida huanza hivi. Kampuni inanunua mfumo, fundi wa nje anaufunga, na siku ya mwisho anakabidhi akaunti kuu kwa kijana wa kompyuta. Kijana huyo sasa anaweza kila kitu: kuandika, kuchapisha, kufuta, kuingiza watu na kuwatoa. Wiki ya kwanza afisa wa rasilimali watu anataka kuweka fomu za likizo; kijana anaona njia fupi ni kumpa ruhusa zilezile alizo nazo yeye. Wiki ya pili ni mhasibu. Mwezi wa tatu msaidizi wa meneja anaumwa, na aliyeshika nafasi yake anaandikiwa nywila ya bosi kwenye kikaratasi kinachobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka ukipita, watu 20 wanaweza kuchapisha chochote kwa jina la kampuni, na hakuna aliyewahi kukaa kitako akaamua iwe hivyo.

Katika hali hiyo mchapishaji halisi wa kampuni ni yule kijana wa kompyuta. Meneja mkuu anamtumia memo kwa WhatsApp na kumwambia aiweke. Ikiwa na kosa, anayelaumiwa ni yeye, ingawa hana habari na sera ya likizo wala hesabu ya marupurupu. Huku ni kumdhulumu. Fundi wa mfumo apewe kazi ya kuulinda mfumo, na maneno yabaki na wenye maneno.

Tatizo hili lina umri sawa na kompyuta zenyewe zinazotumiwa na watu wengi. Katika miaka ya 1960 chuo cha MIT nchini Marekani kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, mmojawapo wa mifumo ya kwanza iliyowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila aliyeingia alipokewa na ujumbe wa siku, tangazo fupi kutoka kwa wasimamizi. Kilikuwa, kwa kweli, kibao cha matangazo cha ndani. Alasiri moja kila aliyeingia alikuta pale, mahali pa ujumbe, orodha ya nywila za watumiaji wote.

Hakukuwa na mwizi. Programu ya kuhariri ilikuwa imeundwa kwa kudhani kwamba katika folda moja atafanya kazi mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa wasimamizi wa mfumo kanuni hiyo ililegezwa, kwa kuwa walikuwa wengi na walihitaji kushughulikia folda moja. Siku hiyo mmoja alikuwa anahariri ujumbe wa siku na mwenzake anahariri faili la nywila. Faili zao za muda zilikuwa na jina lilelile, zikabadilishana nafasi. Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa mfumo huo na kupewa tuzo ya Turing ya mwaka 1990, alikisimulia kisa hiki katika hotuba yake ya kupokea tuzo, mbele ya wanataaluma wenzake.

Naomba msomaji aangalie mahali kanuni ilipolegezwa. Haikulegezwa kwa mtumiaji wa kawaida. Ililegezwa kwa wachache waliokuwa na uwezo mkubwa, kwa sababu waliaminiwa na walikuwa na haraka. Ukikagua tovuti ya ndani ya kampuni yoyote hapa Thika, anza hapo hapo, juu.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wote wa MIT, walichapisha makala ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni. Kati ya kanuni walizozieleza, mbili zinatosha kwa sura hii. Ya kwanza: kila mtu na kila programu ipewe uwezo unaotosha kazi yake, usizidi hapo. Ya pili: jambo zito lihitaji funguo mbili zilizo mikononi mwa watu wawili. Baadaye, mwaka 1992, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani walieleza utaratibu wa kufunga ruhusa kwenye wadhifa badala ya jina la mtu. Msimamizi wa zamu ana ruhusa za msimamizi wa zamu. Akihamishiwa ghala la Ruiru, ruhusa za Thika zinabaki kwenye kiti, na anayekikalia anazikuta.

Waliofanya kazi katika mabaraza ya miji kabla ya 2013 wataielewa kanuni hii bila kompyuta. Baraza la Manispaa ya Thika na lile la Ruiru kila moja lilikuwa na karani wa mji, na waraka kwa wafanyakazi ulitoka kwa cheo hicho, awe nani aliyekishika. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipoleta serikali za kaunti, wafanyakazi wa mabaraza hayo wakaingia chini ya Kaunti ya Kiambu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 44, inamtaja katibu wa kaunti kuwa mkuu wa utumishi wa umma wa kaunti, na kumpa kazi ya kufikisha maamuzi ya kamati kuu kwa wanaohusika. Kumbe sheria yenyewe imetaja mwenye ruhusa ya kuchapisha, na imemtaja kwa wadhifa. Mfumo wa kompyuta wa ofisi ya umma unaomwezesha mtu mwingine kutoa uamuzi wa kamati kuu, kwa sababu tu anajua nywila, unakwenda kinyume na utaratibu uliowekwa na bunge.

Sasa tuseme kuna kampuni ya kusindika chakula, ya kubuni lakini ya kawaida, yenye mitambo Thika na ghala Ruiru, na wafanyakazi 600. Ruhusa zake zigawanywe vipi?

Ningeanza na uzito wa habari yenyewe kabla ya kugusa majina ya watu. Orodha ya chakula cha kantini ikikosewa, mtu atakula ndengu alipotarajia maharagwe. Orodha ya zamu ikikosewa, mama wa watoto wawili atatoka Githurai saa kumi alfajiri kwa zamu ambayo si yake. Orodha ya wanaopunguzwa kazi ikitoka kabla ya wakati, kampuni imevunja sheria. Kuyapitisha yote matatu katika mlango mmoja ni kosa, kwa sababu mlango ukiwa mwembamba kantini itasubiri sahihi ya mkurugenzi, na ukiwa mpana orodha ya kupunguzwa kazi itatoka na chakula cha mchana.

Habari za kila siku ziachiwe walio karibu nazo. Msimamizi wa zamu achapishe zamu zake mwenyewe, bila kuomba idhini ofisi kuu, lakini kwenye ukurasa wa zamu pekee. Mpishi mkuu aweke chakula chake. Mtu wa usalama kazini apewe uwezo wa kuchapisha onyo mara moja, saa yoyote, kwa kuwa uvujaji wa amonia kwenye chumba cha baridi hausubiri kikao. Nimeona wakuu wa kampuni wanaoogopa kugawa uwezo huu. Wanadhani wakiushika wote wamejilinda. Matokeo yake ni kwamba matangazo ya kweli huhamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi, ambako hakuna idhini, hakuna kumbukumbu, na aliyefutwa kazi mwaka jana bado ni mwanachama. Ruhusa iliyobanwa kupita kiasi huwafukuza watu waende kusikokuwa na ruhusa kabisa.

Mifumo yenyewe inaujua mgawanyo huu tangu zamani. WordPress, inayotumiwa na ofisi nyingi kwa sababu haina ada, ina daraja la mchangiaji ambaye huandika rasimu na kuituma ikaguliwe lakini hawezi kuichapisha. Juu yake yuko mwandishi anayechapisha yaliyo yake, kisha mhariri anayechapisha na kurekebisha ya wote, kisha msimamizi. Katika SharePoint ya Microsoft, maktaba ikiwekwa vizuri, rasimu hupewa namba 0.1 na 0.2, na ikiidhinishwa huwa 1.0, na msomaji wa kawaida huona ile iliyoidhinishwa tu. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni mkuu wa idara kukaa saa mbili na fundi wake wakaamua nani yuko wapi.

Jambo moja la kiufundi linastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndilo linaloleta maafa mengi. Katika mifumo hii folda ndogo hurithi ruhusa za folda kubwa. Ukifungua folda iitwayo Bima ndani ya folda ya Matangazo, inayosomwa na watu wote 600, basi Bima nayo inasomwa na watu wote 600 mpaka mtu aukate urithi huo kwa mkono. Karani akipakia humo orodha ya wategemezi kwa ajili ya bima ya matibabu, amechapisha majina ya wake, waume, wazazi na watoto wa wafanyakazi bila kubofya neno chapisha hata mara moja. Yeye anaamini ameweka faili kabatini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachi. Inaihesabu kuwa data nyeti hali ya afya ya mtu, hali ya ndoa, na habari za familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Hizo ndizo habari zinazojaa katika fomu za ofisi ya wafanyakazi. Habari zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenyewe, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Haya si maneno ya kwenye karatasi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna, Immaculate Kassait, iliitoza Roma School shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Katika kesi zote mbili kosa lilikuwa la kuchapisha. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Mtu wa ndani, mwenye uwezo wa kupakia picha, aliipakia.

Kwa mishahara, nidhamu, afya, na ajira yenyewe, ningedai watu wawili bila kubembeleza. Mmoja anaandika, mwingine anaidhinisha, na mfumo wenyewe unakataa mtu mmoja kufanya yote mawili. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa sababu ya kutosha. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi anayekabiliwa na kufutwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Kifungu cha 40 kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu. Jina la mtu likionekana kwenye tovuti ya ndani kabla hatua hizo hazijakamilika, mwajiri ameandaa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na zaidi ya sheria kuna utu. Mtu asijue kwamba amepoteza kazi kwa kusoma kwenye simu ndani ya matatu, akiwa amebanwa katikati ya watu asiowajua.

Lakini idhini ya pili ina thamani pale tu anayeidhinisha anapofungua faili na kulisoma. Tarehe 8 Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walikuwa wanajibu ombi la habari la mwananchi. Jedwali walilolitoa lilikuwa na ukurasa uliofichwa, na ndani yake majina ya ukoo, vyeo na vituo vya maafisa na watumishi wao wote, zaidi ya 9,000. Ukaguzi wa ndani haukuuona. Lilikaa hadharani kwa saa kadhaa, katika nchi ambako polisi wanawindwa kwa bunduki, na baadaye wakatozwa faini ya pauni 750,000. Ofisi ya wafanyakazi yenye jedwali la mishahara isipakie jedwali hilo kamwe. Inakili sehemu inayohitajika, inaigeuza kuwa PDF, na mwidhinishaji anaifungua kwenye kompyuta nyingine kana kwamba yeye ni msomaji wa kawaida.

Kuna haki nyingine ambayo husahaulika karibu kila mahali: haki ya kuondoa. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, simu za wakazi wa Hawaii zilipokea onyo kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Mtumishi mmoja wa idara ya dharura alikuwa amelituma. Gavana David Ige aliarifiwa baada ya dakika 2 kwamba ni kosa, lakini hakukumbuka nywila ya akaunti yake ya Twitter, na dakika nyingi zikapita kabla hajaandika neno. Idara yenyewe haikuwa na ujumbe wa kufuta uliotayarishwa. Marekebisho yalifika kwenye simu baada ya dakika 38. Watu walikuwa wamekwisha kuwaficha watoto kwenye mashimo ya maji taka. Baada ya siku hiyo ikaamriwa kwamba onyo lazima lipite kwa watu wawili, liwe la majaribio au la kweli.

Kwetu sisi hakuna kombora, ila swali ni lilelile. Tangazo la uongo la mshahara kuchelewa likitokea Ijumaa saa 12 jioni, wakati ofisi imefungwa na afisa wa wafanyakazi yuko safarini Murang'a kwa mazishi, nani anaweza kuliondoa? Ningependekeza kila zamu iwe na mtu mmoja anayeweza kulificha tangazo lolote, hata lisilo lake, bila uwezo wa kulifuta wala kulibadilisha. Kulificha ni hatua inayorudishwa asubuhi. Kulifuta kunapoteza ushahidi.

Na ushahidi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mali bila daftari huisha bila habari, na tovuti bila kumbukumbu ni vivyo hivyo. Mfumo uandike nani alifanya nini na saa ngapi, na kumbukumbu hizo zisifutwe na msimamizi wa mfumo peke yake. Mzozo ukifika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, rekodi ya kompyuta inayoletwa kama ushahidi huhitaji cheti kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Anayetia sahihi cheti hicho anapaswa kuweza kueleza jinsi rekodi ilivyotokea. Akaunti iitwayo "ofisi", inayotumiwa na watu saba, haiwezi kuelezwa na yeyote.

Watu wanaoondoka ndio mlango uliosahaulika kuliko yote. Viwanda vya Thika na Ruiru huajiri vibarua wengi wa msimu, wanafunzi wa mafunzo ya kazi kutoka JKUAT pale Juja na Mount Kenya University, na mafundi wa mkataba wa miezi 6. Mwanafunzi anapewa akaunti Mei, anaondoka Agosti, na Desemba akaunti bado iko wazi. Ofisi ya wafanyakazi ina fomu ya kukabidhi inayotaja magwanda, kitambulisho cha geti, buti na helmeti. Iongezwe mstari mmoja: akaunti ya mfumo imefungwa, na fundi atie sahihi siku hiyohiyo, kabla ya malipo ya mwisho.

Bado sijasema lolote kuhusu wafanyakazi kama waandishi, na hapa najua si wasomaji wote watakubaliana nami. Wakurugenzi wengi wanataka tovuti ya ndani iwe kipaza sauti chao. Mimi naamini tovuti ambayo mfanyakazi hawezi kuandika ndani yake haitasomwa. Chama cha wafanyakazi kiwe na ukurasa wake, na mwakilishi wake awe na ruhusa ya kuchapisha bila kupitia kwa meneja. Katiba, katika kifungu cha 41, inalinda haki ya kuwa na chama, na haki hiyo hupungukiwa pale chama kinapolazimika kuomba ruhusa ili kiitishe mkutano. Kamati ya usalama nayo iwe na ukurasa. Wanaochanga pesa za msiba wawe na mahali pao. Kila ukurasa uwe na jina la mtu anayewajibika nao, likionekana juu kabisa.

Ruhusa ya kusoma nayo ni ruhusa. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri aweke mahali panapoonekana taarifa ya haki za wafanyakazi, na mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono na kuifikisha kwa kila mfanyakazi. Kuiweka sera hiyo kwenye tovuti ambayo kibarua hana nywila yake hakumfikishii chochote. Vilevile, tangazo la Kiingereza pekee halimfikii kila mtu katika kiwanda ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya mashineni. Toleo la Kiswahili lipitie idhini ileile ya toleo la Kiingereza, na litoke dakika ileile. Kuliacha liandikwe baadaye na yeyote mwenye nafasi kunaleta matangazo mawili yanayopingana, na mfanyakazi ataadhibiwa kwa kufuata lile aliloelewa.

Kuna wanaoniambia kwamba haya ni ya kampuni zenye pesa. Si kweli. Ushirika wa kahawa wenye watumishi 15 unaweza kuyafanya yote kwa karatasi moja: safu ya kwanza aina ya habari, ya pili wadhifa unaoandika, ya tatu wadhifa unaoidhinisha, ya nne wadhifa unaoweza kuondoa. Mwenyekiti aitie sahihi, na kila baada ya miezi 3 ilinganishwe na akaunti zilizo hai ndani ya mfumo. Wanaojua kazi hii huona tofauti kila mara: jina lisilo na kiti, kiti kisicho na jina.

Kama wewe ni meneja, mhasibu, mwakilishi wa chama au karani, mwombe fundi wa mfumo wako leo akuchapishie orodha ya watu wote wanaoweza kutangaza kwa jina la mahali unapofanya kazi. Isome jina kwa jina. Mtu asiyefanya kazi tena hapo akiwemo, akaunti yake ifungwe kabla hujaenda nyumbani.